William Marshal: Jina la Kazi, Ardhi ya Mke

Wengi wa Wanormani waliovuka bahari pamoja na Mtawala William mwaka wa 1066 na kuitwaa Uingereza hawakuwa na majina ya ukoo kama yanavyofahamika leo. Mtu aliitwa kwa jina lake la ubatizo, na pale ambapo wenye jina hilo walikuwa wengi, likaongezwa neno la kumtambulisha. Aghalabu neno hilo lilikuwa jina la kijiji alikotoka ng'ambo ya bahari: Mortimer ni watu wa Mortemer, Warenne ni watu wa Varenne, Bruce ni watu wa Brix. Wengine walitambulishwa kwa baba zao, kwa kutangulizwa neno fitz, ambalo asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya mwana. Wengine walibandikwa majina ya utani, kama Giffard, yaani mwenye mashavu manene, jina ambalo yamkini halikuanza kama sifa. Wapo pia walioyaacha majina ya kwao na kujiita kwa ardhi mpya waliyoitwaa. Richard fitz Gilbert alizawadiwa Clare katika jimbo la Suffolk, na kizazi chake kikaitwa ukoo wa de Clare. Katika jamii hiyo, basi, jina la ukoo lilikuwa nusu ya hati ya shamba. Aliyetaja jina lake alikuwa amekwisha kutaja mali yake.

Ukoo wa Marshal haukuwa na jina la namna hiyo. Neno marshal lina asili katika Kijerumani cha kale, ambako liliundwa kwa maneno mawili, moja la farasi na jingine la mtumishi. Kwa maana yake ya awali, marshal ni mtumishi wa zizini. Neno lilipopitia katika Kifaransa cha kale na kuingia katika majumba ya wafalme, maana yake ilipanda hadhi: marshal wa mfalme akawa msimamizi wa farasi wa kifalme, mlinzi wa utaratibu barazani, na hatimaye kiongozi vitani. Lugha ilichukua karne kadhaa kuyakamilisha mabadiliko hayo ya kimaana. Ukoo unaozungumziwa hapa uliyakamilisha kwa vizazi vitatu.

Wa kwanza kujulikana ni Gilbert, aliyekuwa marshal katika baraza la Mfalme Henry wa Kwanza na ambaye alifariki kabla ya mwaka wa 1130. Anatajwa pia kwa jina la Gilbert Giffard. Asili yake ya Kinormani haitiliwi shaka, lakini hakuna kijiji cha Normandy kilichofungamanishwa naye kwa ithibati, na lile jina la mashavu manene halitoshi kumfanya ndugu wa akina Giffard wakuu wa Longueville. Alikuwa mtumishi mwenye ardhi kiasi kusini mwa Uingereza, na mali yake kubwa ilikuwa ile kazi. Hata kazi yenyewe aliipigania. Robert de Venoix na William wa Hastings waliidai mbele ya mfalme, na Gilbert pamoja na mwanawe John wakaitetea na kushinda. Habari za kesi hiyo zimehifadhiwa katika hati ya kifalme ya mwaka wa 1200 iliyouthibitisha umarshal kwa mjukuu. Daftari la hazina ya mfalme la mwaka wa 1130 nalo linamwonyesha John akilipia ardhi ya marehemu babaye pamoja na cheo chake. Kazi ilikuwa imekwisha kuwa urithi, tena urithi wa kununuliwa, kama shamba.

Katika jimbo la Berkshire, karibu na mji wa Newbury, ukoo huu ulishika kijiji cha Hamstead. Kijiji hicho hadi leo kinaitwa Hamstead Marshall. Wenzao walichukua majina ya ardhi; hawa waliipa ardhi jina lao.

John Marshal alikuwa mtu wa nyakati mbaya. Henry wa Kwanza alipofariki mwaka wa 1135, ufalme uligombaniwa na Stephen, mpwa wake, na Matilda, binti yake, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea kwa takribani miaka kumi na minane. John alianza upande wa Stephen, kisha akahamia kwa Matilda. Mwaka wa 1141, akiwa amejificha katika kanisa la watawa la Wherwell, adui walilitia moto. Risasi ya paa ikayeyuka na kumdondokea usoni, naye akapoteza jicho. Alipozidiwa nguvu na Patrick wa Salisbury, jirani yake, alifanya suluhu kwa njia ambayo makabaila wa zama hizo hawakuionea haya: alimwacha mke wake wa kwanza, ambaye tayari alikuwa amemzalia wana wawili, akamwoa Sibyl, dada wa Patrick. Wa pili miongoni mwa wana wa kiume wa ndoa hiyo ndiye William, aliyezaliwa mnamo mwaka wa 1147. Msomaji azingatie hesabu hiyo. Mtoto huyu alikuwa na kaka watatu mbele yake katika foleni ya urithi, na urithi wenyewe haukuwa mkubwa.

Thamani yake machoni pa babaye ilidhihirika mwaka wa 1152. Mfalme Stephen aliizingira ngome ya John huko Newbury. John akaomba muda wa kushauriana, na ili aaminiwe akamtoa William, mtoto wa miaka mitano hivi, awe rehani. Alipoupata muda huo aliutumia kujaza ngome chakula na askari. Washauri wa Stephen walimtaka mfalme amnyonge mtoto. Baba alipopelekewa habari hiyo alijibu kwamba nyundo na fuawe za kufulia wana wengine bora kuliko huyo bado anazo. Mtoto alipelekwa penye kitanzi, na baadaye penye chombo cha kurushia mawe, bila kujua analofanyiwa. Alivutiwa na mkuki wa mmoja wa wakubwa na kuomba auchezee. Stephen hakuweza. Akambeba mwenyewe akarudi naye kambini, na siku nyingine mfalme na mateka wake walionekana wakicheza hemani, wakipiganisha mashina ya majani kana kwamba ni askari. Sharti isemwe kwamba kisa hiki kinatokana na chanzo kimoja tu, nacho ni utenzi uliotungwa kwa gharama za familia yenyewe.

Utenzi huo unastahili kusimuliwa kidogo, maana bila huo William Marshal angebaki jina katika hati. Baada ya kifo chake, mwanawe mkubwa, aliyeitwa pia William, aligharimia utungo wa maisha ya babaye, na mtunzi, ambaye hufahamika kwa jina la John tu, akaukamilisha katika miaka ya 1220. Mwingi wa habari zake ulitoka kwa John wa Earley, aliyemtumikia Marshal kwa zaidi ya miaka thelathini. Una mishororo 19,214 ya Kifaransa cha kale, mizani minane kwa kila mshororo, na mishororo inakwenda miwili miwili kwa kina kimoja. Msomaji aliyelelewa na tenzi hatauona ugeni katika hesabu ya mizani. Nakala moja tu ndiyo iliyosalia. Mtaalamu wa Kifaransa, Paul Meyer, aliiona kwenye mnada mjini London mwaka wa 1861, ikanunuliwa na mtu mwingine na kutoweka machoni pake, naye akaitafuta kwa miaka ishirini hadi akaipata na kuichapisha kati ya mwaka wa 1891 na 1901. Utenzi huu unaanza na John, baba wa shujaa. Kuhusu Gilbert, babu aliyesimama kortini kuitetea kazi ya farasi, haujishughulishi. Mtu aliyekwisha kuwa mkubwa hahitaji kukumbushwa zizi.

William aliachiliwa amani ilipopatikana mwaka wa 1153. Mnamo mwaka wa 1160 alipelekwa Normandy kulelewa na William de Tancarville, msimamizi wa hazina wa Normandy na jamaa ya mamake, ajifunze kazi ya askari wa farasi. Babaye alifariki mwaka wa 1165, na muda si muda ardhi na cheo vikamfikia kaka yake aliyeitwa John. William hakuachiwa kitu. Mwaka uliofuata alipewa hadhi ya askari kamili, akapigana vita vyake vya kwanza huko Drincourt kwa ushujaa mwingi na busara kidogo: farasi wake aliuawa, naye hakuteka hata farasi mmoja wa adui. Usiku wa karamu kabaila mmoja alimwomba zawadi ya matandiko ya farasi, akijua fika hana, na wote wakacheka. Ilimbidi auze joho lake apate farasi wa kupakia mizigo.

Somo lilimwingia. Katika mashindano ya kivita yaliyokuwa yakifanyika kaskazini mwa Ufaransa, ambako aliyeshindwa alikuwa mateka na farasi wake mali ya mshindi, William alijitajirisha. Yeye na mwenzake mmoja waliwahi kuteka askari 103 katika muda wa miezi kumi hivi. Waandishi wengi wa maisha yake wamekaa sana hapa, kwenye mikuki na bendera. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mali yote hiyo ilikuwa ya kubebeka. Farasi, silaha na fidia havikumpa mtu jina. Aliyekuwa navyo bila ardhi aliendelea kuwa askari wa nyumba ya mwingine. Mwaka wa 1168 mjombake Patrick aliuawa karibu naye katika jimbo la Poitou, yeye mwenyewe akachomwa mkuki pajani na kutekwa, na Malkia Eleanor, mke wa Henry wa Pili, ndiye aliyemkomboa. Kuanzia mwaka wa 1170 alikuwa mwalimu wa vita wa mwana wa malkia huyo, Henry Kijana, aliyevikwa taji babaye angali hai na ambaye hakuwahi kutawala. Henry Kijana alipofariki mwaka wa 1183, William alikwenda Yerusalemu kutimiza nadhiri ya marehemu. Huko alijiahidi kufa akiwa ndani ya jumuiya ya Watempla, na akarudi na vitambaa viwili vya hariri vya kufunikia jeneza lake, ambavyo hakumwambia mtu.

Mnamo mwaka wa 1186 Henry wa Pili alimpa Cartmel, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa karibu na miaka arubaini, na hiyo ndiyo ardhi yake ya kwanza.

Kilichofuata kilikuja kwa kasi. Katika kiangazi cha mwaka wa 1189 Henry wa Pili, mgonjwa, alikuwa akikimbizwa na mwanawe Richard aliyemwasi. Karibu na Le Mans, William aligeuka nyuma kumkabili Richard, ambaye hakuwa amevaa deraya kamili, naye akamuua farasi wa mwana wa mfalme badala ya kumuua mpandaji. Wiki chache baadaye mzee alifariki huko Chinon na Richard akawa mfalme. William alingoja adhabu. Richard alimpa Isabel de Clare.

Isabel alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, akihifadhiwa na mfalme katika Mnara wa London kama hazina yoyote nyingine. Babaye alikuwa Richard de Clare, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Strongbow. Mamake alikuwa Aoife, binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster huko Ayalandi. Kwa kuwa ndugu yake wa kiume alikwisha kufa, vyote vilikuwa vyake: ngome ya Striguil, yaani Chepstow, kwenye mpaka wa Wales, Leinster nzima, Orbec, waliyoishika mababu zake wa ukoo wa de Clare huko Normandy kabla ya kupata jina lao la Kiingereza, pamoja na madai katika nusu ya milki za akina Giffard, zikiwemo ardhi za Longueville, kwa kuwa bibi wa mababu zake, Rohese, alikuwa binti wa nyumba hiyo. Kwa hivyo mjukuu wa Gilbert Giffard, ambaye hakuna kijiji cha Normandy kilichomdai, aliingia Longueville ya akina Giffard kupitia mlango wa mke. Walifunga ndoa mjini London mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Mwaka wa 1194 kaka yake alifariki, na Hamstead pamoja na cheo cha umarshal vikamfikia. Mwaka wa 1199 Mfalme John alimpa cheo cha erli wa Pembroke, ngazi ya juu kabisa ya ukabaila wa Uingereza wakati huo chini ya mfalme. Baba yake Isabel aliwahi kukishika cheo hicho akanyang'anywa.

Huko Chepstow zipo milango ya mbao ambayo uchunguzi wa pete za miti umeonyesha kuwa ni ya miaka ya 1190, enzi za Marshal. Inahesabiwa kuwa milango ya ngome ya kale zaidi iliyosalia Ulaya. Ngome ya mawe ya Kilkenny na bandari ya New Ross huko Leinster nazo ni kazi ya mikono yake na ya Isabel.

Mtihani wa ardhi hizi zilizotawanyika pande mbili za bahari ulifika mwaka wa 1204. Philip, mfalme wa Ufaransa, aliiteka Normandy. Makabaila waliokuwa na ardhi huku na kule walilazimika kuchagua: Mnormani abaki Mnormani na kupoteza mali ya Uingereza, au awe Mwingereza na kuiaga nchi ya babu zake. Takriban wote walichagua. Marshal, aliyekuwa ametumwa kwa Philip kama mjumbe wa Mfalme John, alifanya mapatano yake binafsi: alimlipa Philip marka 500 za fedha apewe muda wa mwaka mmoja, na muda huo ukipita bila John kuirejesha Normandy, atakula kiapo cha utii kwa Philip kwa ajili ya ardhi zake za huko. Mwaka wa 1205 alikwenda akala kiapo. Utenzi unadai kwamba John alikuwa amempa ruhusa. Huenda alimpa, huenda ruhusa yenyewe haikuwa ya kiapo kizito kiasi hicho, kwa maana Marshal alirudi akiwa mtu wa Philip ng'ambo ya bahari na mtu wa John upande huu, na wafalme hao wawili walikuwa vitani.

Katika kiangazi cha mwaka huohuo John alipotaka kuvuka na jeshi kwenda Poitou, Marshal alikataa kuandamana naye kumpiga bwana wake mwingine. John alimshtaki mbele ya makabaila kwamba ni msaliti. Marshal alijitolea kupigana na yeyote atakayelithibitisha shtaka hilo kwa upanga, akawageukia wenzake na kuwatahadharisha kwamba anachotendewa yeye leo, wao watatendewa kesho. Hakuna aliyejitokeza kupigana naye. Alikuwa na miaka karibu sitini na bado walimwogopa. Lakini mfalme ana silaha nyingine. Alimdai mwanawe mkubwa awe rehani. Baadaye, Marshal alipotaka kwenda Ayalandi, alidaiwa na wa pili, Richard.

Aliwatoa wote wawili. Utenzi unalieleza jambo hilo kama ushahidi wa utiifu usio na doa, kwamba mtu asiye na hatia hana sababu ya kuficha wanawe. Ugumu wa tafsiri hiyo ni kwamba Marshal alijua, kuliko mtu mwingine yeyote katika ufalme ule, maana ya mtoto kutolewa rehani na babaye kwa ajili ya ngome. Alikuwa amepelekwa penye kitanzi. Angeweza kuiacha Longueville, kama wengine walivyoacha mashamba yao, na huenda wanawe wangebaki nyumbani. Hakuiacha. Wana hao walirudishwa salama miaka kadhaa baadaye, na hilo limewafanya wasomaji wengi kumsamehe.

Hasira ya mfalme ilimfuata hadi Ayalandi. Mwaka wa 1207 John alimwita Uingereza huku mwakilishi wake, Meilyr fitz Henry, akijiandaa kuishambulia Leinster. Kabla ya kuondoka, Marshal aliwakusanya watu wake huko Kilkenny, akamshika Isabel mkono na kumweka mbele yao. Isabel alikuwa mja mzito. Aliwakumbusha kwamba huyu ndiye bibi wao kwa kuzaliwa, binti wa yule aliyewapa ardhi, na kwamba yeye mwenyewe hana kitu pale ila kwa njia yake. Ni mara chache kabaila wa karne ile alitamka ukweli huo hadharani. Vita vilikuja, Isabel na watu wake wakaihimili nchi, na Meilyr ndiye aliyeshindwa. Mwaka wa 1208 John alikubali kutoa hati mpya ya Leinster, akijipunguzia hasara kwa kujiwekea baadhi ya mamlaka ya mahakama.

Miaka ya mwisho ya Marshal ndiyo inayojulikana na wengi. Makabaila walipomwasi John na kumlazimisha kutia muhuri Magna Carta mwaka wa 1215, Marshal alibaki upande wa mfalme na jina lake likatangulia majina ya makabaila wengine walioorodheshwa kuwa washauri wake. John alifariki mwezi wa Oktoba mwaka wa 1216, nusu ya nchi ikiwa mikononi mwa waasi na Louis, mwana wa Philip. Marshal, mwenye miaka karibu sabini, alikubali kuwa mlezi wa ufalme kwa niaba ya Henry wa Tatu, mtoto wa miaka tisa. Magna Carta ilitolewa upya kwa muhuri wake na wa mjumbe wa Papa. Mwezi wa Mei mwaka wa 1217 aliongoza mwenyewe mashambulizi huko Lincoln, akiwa na haraka kiasi cha kukaribia kuisahau kofia yake ya chuma, na mwezi wa Agosti jeshi la majini la Louis likashindwa karibu na Sandwich. Louis aliondoka kwa amani, tena na marka 10,000 mkononi. Wapo walionung'unika baadaye kwamba masharti yalikuwa mepesi mno. Manung'uniko hayo si ya kupuuzwa: babaye Louis ndiye aliyekuwa bwana wa Longueville na Orbec.

Aliugua mapema mwaka wa 1219, akapelekwa Caversham, karibu na Reading. Alivitoa vile vitambaa vya hariri alivyovificha kwa zaidi ya miaka thelathini, akajiunga na Watempla kama alivyoahidi. Kasisi alimwambia arudishe alivyoteka katika mashindano, naye akajibu kwamba hesabu hiyo haiwezekani. Katika kugawa mali alifika kwa Anselm, mwana wa mwisho, akataka asimpe ardhi: mtoto akiishi hadi kuwa askari, atatafuta kama alivyotafuta yeye. John wa Earley alimsihi asifanye hivyo, na Anselm akapata fungu huko Leinster. Siku moja alitamani kusikia nyimbo, lakini aliona haya kuimba. Akaitiwa binti zake. Matilda aliimba. Joan aliimba kwa woga, na mzee akamwonyesha namna ya kuutoa ubeti. Alifariki tarehe 14 Mei na kuzikwa katika kanisa la Watempla mjini London. Isabel alimfuata mwaka uliofuata. Mwana mkubwa alichukua milki za Uingereza, Wales na Ayalandi. Richard akapewa Normandy.

Marshal aliacha wana watano wa kiume. William wa Pili alifariki mwaka wa 1231. Richard alijeruhiwa vitani huko Kildare akafa mwaka wa 1234, akihasimiana na mfalme yuleyule ambaye babaye alimwokolea taji. Gilbert aliburutwa na farasi katika mashindano mwaka wa 1241. Walter alifariki mwezi wa Novemba mwaka wa 1245, na Anselm mwezi uliofuata. Hakuna hata mmoja aliyeacha mtoto halali. Mwanahistoria mtawa Matthew Paris alieleza kwamba askofu wa Ferns, aliyenyang'anywa mashamba mawili na Marshal, ndiye aliyeulaani ukoo huo ukatike katika kizazi kimoja. Mashamba hayo hayakurudishwa kamwe.

Kilichobaki kilikwenda kwa mabinti watano na watoto wao. Leinster iligawanywa mafungu matano: Carlow ilikwenda kwa Matilda, Kilkenny kwa wazawa wa Isabel, Wexford kwa wa Joan, Dunamase kwa wa Eva, na Kildare kwa wa Sibyl, na kwa kuwa Sibyl aliacha mabinti saba, fungu lake nalo likadaiwa na saba. Ardhi iliyoingia kwa mke ilitoka kwa mabinti.

Chepstow alipewa Matilda, aliyekuwa mkubwa wa dada hao na wa pekee aliyekuwa hai. Mwaka wa 1246 mfalme alimkabidhi pia fimbo ya umarshal. Alikuwa ameolewa mara mbili, kwanza na Hugh Bigod wa Norfolk na kisha na William de Warenne, na majina ya nyumba zote mbili yalikuwa makubwa kwa ardhi. Tangu mwaka huo, katika hati zake, alitanguliza lile la Marshal. Alifariki mwaka wa 1248 na kuzikwa Tintern, alikozikwa mamake. Waliolibeba jeneza lake kuingia kanisani ni wanawe wanne, watatu wa jina la Bigod na mmoja wa jina la Warenne.